Theresia, Lakini Theresia Yupi?

Katekista anapofungua fomu ya ubatizo na kuuliza jina la mtoto, wazazi wengi wa huku kwetu huwa na jibu tayari. "Theresia." Katekista anaandika. Kama ni mtu asiye na haraka, huinua kichwa na kuuliza tena: "Theresia yupi?" Hapo baba humtazama mama, mama humtazama bibi, na bibi huokoa jahazi: "Huyu wetu wa kanisani."

Ni jibu la mtu wa Tabora hasa, maana Kanisa Kuu la Jimbo Kuu letu lina jina la Mtakatifu Theresia. Lakini watakatifu wenye jina hilo ni kadhaa. Hawafanani kwa tabia, kwa nchi wala kwa kifo, na mtoto atakayeitikia jina hilo maisha yake yote ana haki ya kujua limetoka kwa nani. Nawaandikia wazazi wanaojiandaa kubatiza, watu wazima walio katika ukatekumeni, na pia wasimamizi, ambao mara nyingi huombwa jina usiku wa kuamkia ubatizo wakati watu wamechoka na sufuria ziko jikoni.

Tuanze na neno letu wenyewe. Mkatoliki anayesema Kiswahili humwita mtakatifu aliyepewa jina lake "somo". Neno hili lina ukoo mkubwa. Watu wawili wenye jina moja huitana somo. Mwanamke anayemfunda mwari huko pwani naye ni somo. Shuleni somo ni kile kinachofundishwa, na kwenye Misa tunasikiliza somo la kwanza na la pili. Upatanisho wa sarufi ndio unaotenganisha: "somo wangu" ni mtu, "somo langu" ni funzo. Ukimpa mtoto jina la mtakatifu umempa vyote viwili kwa pamoja. Kwa hiyo usichague jina kwa sababu linasikika vizuri. Chagua mtu, kisha hakikisha mtoto anafundishwa habari za mtu huyo. Mengine nitakayosema yanatoka hapo.

Basi, Theresia yupi?

Wa kwanza kwa umri ni Theresia wa Avila, Mhispania aliyezaliwa mwaka 1515. Huyu alikuwa mtu wa kazi. Alilirekebisha shirika la Wakarmeli, akapita kwenye barabara mbovu za nchi yake akianzisha monasteri 17, na katikati ya safari, magonjwa na barua zisizokwisha aliandika vitabu juu ya sala ambavyo vinasomwa mpaka leo. Alifariki usiku wa tarehe 4 Oktoba 1582, na usiku huohuo kalenda mpya ya Papa Gregori ilianza kutumika, hivyo siku iliyofuata ikahesabiwa kuwa tarehe 15. Ndiyo maana sikukuu yake ni 15 Oktoba. Mwaka 1970 akawa mwanamke wa kwanza kutangazwa Mwalimu wa Kanisa. Kama wewe ni mtu mzima unayebatizwa, mwanamke mwenye duka sokoni au ofisi ya kuendesha, unayeng'ang'ana kupata robo saa ya kusali kabla watu hawajaamka, mtazame huyu kwa makini.

Wa pili ndiye anayependwa zaidi, na ndiye ambaye watu wengi humfikiria wanapoandika jina. Ni Theresia wa Mtoto Yesu, wa mji wa Lisieux nchini Ufaransa, mwenye sikukuu tarehe 1 Oktoba. Alizaliwa tarehe 2 Januari 1873. Watu wa njia ya misafara wanaujua mwaka huo kwa sababu nyingine: ndio mwaka ambao Chuma, Susi na wenzao waliubeba mwili wa Livingstone kupitia Unyanyembe kuelekea Bagamoyo, na ndio mwaka soko la watumwa la Unguja lilipofungwa. Msichana huyu hakuwahi kuona lolote kati ya hayo. Aliingia monasteri akiwa na miaka 15, akafa kwa kifua kikuu tarehe 30 Septemba 1897 akiwa na miaka 24. Hata hivyo, mwaka 1927 Papa Pius wa 11 alimfanya msimamizi wa misioni zote duniani, pamoja na Fransisko Ksaveri aliyevuka bahari na kufa kwenye mlango wa China.

Mtoto akiuliza, na watoto wenye akili huuliza, "Mtu asiyetoka monasterini anakuwaje msimamizi wa wamisionari?", usimjibu kwa neno gumu. Msimulie habari ya kutembea. Miezi ya mwisho, akiwa ameshapungukiwa nguvu kabisa, Theresia aliagizwa afanye matembezi mafupi bustanini kila siku. Kila hatua ilimchosha. Aliposhauriwa apumzike alijibu kwamba anatembea kwa ajili ya mmisionari fulani, ambaye pengine wakati huo yuko mbali na amechoka njiani, ili uchovu wake yeye upunguze wa yule.

Sisi wa Tabora tunajua uchovu huo ulikuwa na sura gani. Wamisionari wa Afrika, wale waliokuja kujulikana kama Mapadre Weupe kwa sababu ya kanzu zao, walifika hapa mwaka 1878 kwa miguu kutoka Bagamoyo, na walifika pungufu: Padre Joachim Pascal alikuwa ameshazikwa njiani. Hapa Tabora njia iligawanyika, wengine wakaelekea kaskazini kwenye ziwa Viktoria mpaka Buganda, wengine magharibi mpaka Tanganyika. Na shirika hilohilo ndilo lililompata ndugu wa kiroho wa Theresia. Kijana mseminari, Maurice Bellière, aliandika Lisieux mwaka 1895 akiomba sista mmoja amwombee wito wake, na aliyepewa kazi hiyo ni Theresia. Waliandikiana mpaka mwisho. Bellière aliondoka Ufaransa kwenda novisiati ya Mapadre Weupe huko Aljeria tarehe 29 Septemba 1897. Theresia alifariki kesho yake. Padre huyo baadaye alitumwa Nyasa, akaugua, akarudi kwao, akafa mwaka 1907 akiwa kijana bado. Mimi nikiisoma habari hii naona Theresia wa Lisieux si mgeni sana kwenye barabara yetu. Alishaanza kumtembelea mtu wa njia hii kwa miguu yake mwenyewe, bustanini.

Wa tatu ni Teresa wa Calcutta, aliyefariki 5 Septemba 1997 na kutangazwa mtakatifu mwaka 2016. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Gonxhe, na kwa lugha ya kwao maana yake ni ua lililo bado tumbani. Alipoingia utawani alimchagua Theresia wa Lisieux, lakini pale shirikani palikuwa na mwenzake mwenye jina hilo kwa tahajia ya Kifaransa, naye akachukua ile ya Kihispania, Teresa. Yumo pia Teresa Benedikta wa Msalaba, Myahudi msomi wa falsafa aliyeitwa Edith Stein. Alisoma maisha ya Theresia wa Avila mwaka 1921, akabatizwa Januari 1922, na tarehe 9 Agosti 1942 akauawa Auschwitz pamoja na watu wa taifa lake.

Utaona jinsi jina lilivyopita, kama kaa la moto linavyoombwa nyumba kwa nyumba: yule wa Avila akawa somo wa yule wa Lisieux na wa Edith Stein, na wa Lisieux akawa somo wa yule wa Calcutta. Ukimwita mtoto wako Theresia unampeleka kwenye foleni ya kuomba moto. Mwambie anaomba kwa nani.

Watu huniuliza maana ya neno lenyewe, Theresia. Wanaopenda vitabu vya majina hupenda sana swali hili, na jibu lake ni dogo kuliko wanavyotegemea. Wapo wanaolitoa katika kitenzi cha Kigiriki cha kuvuna, na wapo wanaolitoa katika kisiwa cha Therasia, kwenye bahari ya Ugiriki. Mwanamke wa zamani anayejulikana sana kwa jina hili ni Therasia, mke wa Mtakatifu Paulino wa Nola, zaidi ya miaka 1,600 iliyopita. Mtoto wako akizaliwa Mei, mahindi yakiwa yanaingia ghalani, ile maana ya mavuno itakupendeza, na sioni ubaya ukiitaja kwenye sherehe. Ila usiifanye ndiyo nguzo. Hakuna aliyempenda Theresia wa Lisieux kwa sababu ya kitenzi cha Kigiriki.

Jambo ninalolisisitiza zaidi ni jina la nyumbani. Kwenye jumuiya ndogondogo bado wapo wazee wanaoamini kwamba Kabula, Milembe au Shija lazima liondoke ili jina la ubatizo likae. Kanisa halidai hivyo. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, iliyokuwa kali kuliko ya sasa, ilimtaka paroko asimamie mtoto apewe jina la Kikristo, na wazazi wakishikilia jina jingine, aliongeze la mtakatifu na kuyaandika yote mawili kitabuni. Sheria ya mwaka 1983, kanuni ya 855, imelegeza zaidi: inakataza tu jina lililo geni kwa moyo wa Kikristo. Milembe ni amani. Kabula ni mtoto wa mvua. Sijui ni moyo gani wa Kikristo unaoweza kukwazwa na amani au mvua, hasa mvua ya Tabora ambayo tunaisubiri tangu Novemba tukiwa tumeinua macho.

Mfano mkubwa tunao. Mtoto wa Chifu Nyerere Burito aliitwa Kambarage kwa jina la pepo wa mvua wa Wazanaki. Alisoma shule ya serikali hapa Tabora, akabatizwa Julius mwaka 1943, na alipomaliza Makerere alirudi kufundisha Shule ya Mtakatifu Maria, hapahapa Tabora. Aliishi na kufa akiwa Julius Kambarage, na leo Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu huku mchakato wake ukiendelea. Au mtazame Adrien Atiman, aliyetekwa utotoni karibu na mto Niger, akakombolewa na wamisionari kule Aljeria, akasomea tiba Malta, kisha akawa tabibu na katekista wa Karema kwenye ufuko wa Tanganyika mpaka kifo chake mwaka 1956. Adrien ni jina la ubatizo. Lakini watu wa Ukanda wa Ziwa Tanganyika walimkumbuka kwa lile alilotoka nalo kwao: Atiman.

Tena majina ya nyumbani yenyewe hugeuka kuwa majina ya watakatifu. Kati ya mashahidi 22 wa Uganda waliotangazwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, Kizito, Mugagga na Gyavira wanajulikana kwa majina ya kwao. Ni matunda ya misioni ileile iliyopita Tabora mwaka 1878. Hakuna leo anayeuliza kama Kizito ni jina la Kikristo. Siku moja, nani ajuaye, patakuwa na Mtakatifu Shija.

Wazazi wa mapacha wana shida yao, na kwao nina ushauri maalumu. Kulwa na Doto ni majina ambayo hayaachiki huku kwetu, wala yasiachwe. Lakini msiwape jina la mtakatifu mmoja mmoja bila uhusiano. Gervasi na Protasi, kwa mapokeo ya Kanisa, walikuwa ndugu pacha waliouawa kwa imani huko Milano. Mtakatifu Ambrosio aliyapata masalia yao mwaka 386, na sikukuu yao ni 19 Juni. Askofu Mkuu wetu, Kardinali Protase Rugambwa, ana jina la mmoja wao. Kosma na Damiano, waganga waliotibu bila malipo, nao wanahesabiwa kuwa mapacha. Sikukuu ni 26 Septemba. Kwa wasichana, napenda Perpetua na Felisita. Hawakuwa pacha: mmoja alikuwa mwanamke wa familia bora, mwenzake mtumwa. Walikufa pamoja Karthago, Afrika hiihii, mwaka 203, na Kanisa limewaadhimisha pamoja tangu hapo, tarehe 7 Machi.

Nililitaja neno mtumwa, na siwezi kuandika juu ya majina katika njia ya Tabora nikalipita. Katika misafara, watumwa walipewa majina na mabwana zao: Bahati, Baraka, Mabruki, Feruzi. Yalikuwa majina mazuri juu ya watu walionyang'anywa majina yao. Sudani palikuwa na msichana aliyetekwa akiwa mdogo, akatishika mpaka akasahau alivyoitwa na mama yake, na waliomteka wakamwita Bakhita, yaani mwenye bahati. Ni mzizi uleule wa Bahati yetu. Aliuzwa na kuuzwa tena, akafika Italia, akapata uhuru wake, na tarehe 9 Januari 1890 alibatizwa Giuseppina Margherita Fortunata. Lile Fortunata ni tafsiri ya Bakhita. Jina alilobandikwa na watekaji halikutupwa. Liliingizwa kisimani pa ubatizo pamoja naye, na lilipotoka lilikuwa lake. Alitangazwa mtakatifu mwaka 2000, na sikukuu yake ni 8 Februari.

Kwa hiyo dada mmoja akinijia, kama walivyonijia, akisema anaitwa Bahati na ameambiwa atafute jina "la kweli" kabla ya Pasaka, humwambia amchukue Yosefina Bakhita awe somo wake na abaki Bahati. Ana jina la kweli tayari. Na kama ukoo wenu una kumbukumbu ya babu au bibi aliyeletwa Tabora na msafara na kubaki hapa, sioni somo anayewafaa kuliko huyu.

Sasa karatasi, maana jina zuri likiandikwa ovyo huwa mateso. Theresia, Teresia, Theresa, Teresa, Tereza: masikio yanasikia mtu mmoja, ofisi inaona watu watano. Dada yangu mwenyewe alikuwa Teresia kwenye cheti cha ubatizo, Theresia kwenye cheti cha kuzaliwa na Tereza kwenye cheti cha shule. Alipotakiwa kuthibitisha kwamba wote ni yeye, alienda na kurudi ofisini mpaka soli ya kiatu ikaisha, akaapa mbele ya wakili, akalipa, akangoja. Kosa lilifanywa na watu wazima wakati yeye ana wiki tatu.

Amueni tahajia moja kabla mtoto hajazaliwa na muiandike kwa herufi kubwa kwenye kikaratasi. Nendeni nacho hospitali linapojazwa tangazo la kizazi, maana humo ndimo cheti cha kuzaliwa cha RITA kinamochukua jina. Nendeni nacho hichohicho parokiani. Kabla hamjaondoka ofisi ya paroko, ombeni kwa heshima kuona mstari ulioandikwa kwenye rejesta. Paroko hatachukia. Rejesta ile ya ubatizo ndiyo itakayobeba pia kumbukumbu ya kipaimara na ya ndoa ya mtoto huyo, na miaka 25 baadaye, akiwa Mwanza au Dar es Salaam anataka kufunga ndoa, paroko wa huko ataandika barua kuomba cheti kipya kutoka kwenye mstari uleule. Ombeni jina la nyumbani nalo liandikwe humo. Msilisubirishe hadi kipaimara.

Sikukuu ya somo isipite kimyakimya. Haihitaji keki wala turubai. Kwa mtoto wa Lisieux, tarehe 1 Oktoba, mwamshe mapema, mpeleke Misa kama ipo, mpikie anachopenda, kisha mtembee naye kidogo jioni, kwa mfano chini ya miembe ile mikongwe ya Kwihara, na hapo msimulie habari ya bustanini. Akifika darasa la tano atakuwa ameisikia mara kumi na atakuwa anakusahihisha.

Na wekeni karatasi moja, mbali na cheti, kwa mwandiko wa mtu aliyechagua jina. Bibi yangu alituachia moja ndani ya kitabu cha sala, imekunjwa mara nne. Aliandika kwa penseli: Theresia, wa Lisieux, tarehe moja mwezi wa kumi, nimemchagua mimi. Kabula, kwa sababu usiku ule mvua ilinyesha, barabara ya Kipalapala haikupitika, na mkunga alikuja kwa miguu.